Nilivyolipa hongo Marenga Mkali

Nimezaliwa Bagamoyo, kwenye mwisho wa njia. Utotoni tulicheza gololi kwenye ua wa Karavanserai, nyumba ya zamani ya kupumzikia misafara, na hakuna aliyetuambia kwamba njia iliyoishia pale ilikuwa imekatisha milima na nyika kutoka Tabora na Ujiji. Nilichokijua kuhusu bara ni msemo mmoja wa bibi yangu mzaa mama. Ukimzibia mlango unataka kitu kabla hajapita, alikwambia, "Nipishe, hapa si Ugogo nikutolee hongo." Nilikua nikiamini kwamba Ugogo ni mahali wanapozuia watu njiani.

Mwaka 2018 kazi ikanihamishia Dodoma, katikati ya huo Ugogo, miaka 45 baada ya uamuzi wa 1973 wa kuifanya makao makuu. Wengi tuliohama pamoja walikuwa wakihesabu siku za juma wapande basi warudi Pwani. Mimi nilinunua pikipiki, Boxer ya cc 150, mkononi kwa kijana aliyekuwa akiifanyia bodaboda. Nikabadilisha cheni na sproketi, nikafunga nyuma tairi la meno makubwa, na kila Jumamosi nikawa natoka. Nilikwenda Kondoa kutazama michoro ya miambani ya Kolo. Nilikwenda Kilimatinde kusimama ukingoni mwa Bonde la Ufa, pale Wajerumani walipojenga boma lao, na ni hapo nilipotambua kwamba nimesimama juu ya njia ya kwetu. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita hapo ikielekea Tabora. Nikaamua kuifuata kipande kwa kipande, na kipande nilichokitamani kuliko vyote ni cha mashariki, kutoka milima ya Mpwapwa mpaka Mvumi. Wasafiri wa zamani walikiita Marenga Mkali.

Nilitoka Ijumaa moja ya mwisho wa Oktoba, mwaka 2022, nyika yote ikiwa imekauka hadi rangi ya majivu. Kwenye keria nilifunga hema dogo, begi la nguo, pampu ya mkono, viraka na solusheni, na dumu la maji la lita 5. Lami ya kwenda Morogoro sina la kuisimulia. Unapita Ihumwa, Chamwino, Buigiri, ukifika Mbande unakunja kulia kuelekea Kongwa.

Kongwa nilisimama kwa sababu ya karanga. Mwaka 1947 Waingereza walileta hapa matrekta, pamoja na mashine za kung'olea visiki zilizotokana na vifaru vya vita, ili walime karanga za kukamua mafuta kwa ajili ya nchi yao iliyotoka vitani na njaa. Walipanga kulima ekari zaidi ya milioni 3 katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, nyingi zikiwa Tanganyika. Mwanzoni mwa 1951 mpango ukafungwa, na zaidi ya pauni milioni 30 zilikuwa zimekwenda. Nilishuka kando ya barabara, nikatoa spana ya gurudumu la nyuma, nikajaribu kuchimba. Iliteleza na kulia kama nimegonga sakafu. Udongo ule ukinyeshewa unalimika vizuri tu. Jua likiupiga unageuka tofali, na karanga iliyomo ndani huwezi kuing'oa. Mvua nazo zinakuja zinapotaka. Sina neno baya kwa wale vijana waliotumwa kuendesha matrekta. Kinachoniuma ni kwamba Kongwa palikuwa na watu, watu waliojua mvua ya kwao na udongo wao, na hawakuulizwa.

Kuanzia mwaka 1964 wapigania uhuru wa kusini walipiga kambi hapohapo Kongwa: FRELIMO, ANC, SWAPO na wengineo. Baadhi yao hawakurudi makwao, wamelala hapo. Nilivua kofia ngumu, nikasimama kidogo, nikaendelea na safari.

Mpwapwa iko kama kilomita 120 kutoka Dodoma, imeegemea mlima Kiboriani. Msafara ukitoka Pwani, hapa ndipo ulipovuta pumzi. Nyuma ni milima ya Usagara, mbele ni nyika, na katikati vijito vyenye maji matamu. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi begani, walituliza miguu hapa. Stanley alipopita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone alimwacha hapa mgonjwa wake, baharia Mskoti William Farquhar, na Farquhar hakuondoka tena. Wamisionari Waanglikana wa CMS wakafungua kituo chao katika miaka hiyohiyo ya 1870. Kisha kampuni ya Wajerumani ikaweka kituo, watu wa Abushiri, aliyeongoza vita vya Pwani dhidi ya Wajerumani, wakakishambulia mwaka 1889, na kabla mwaka haujaisha Hermann von Wissmann akawa amefika na askari wake kujenga ngome. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba hiyohiyo. Kwa mji mdogo namna hii, wenye ng'ombe wanaokatisha barabara saa kumi na mbili jioni, ni mambo mazito. Nilikula ugali wa mtama na mlenda, nikalala mapema.

Alfajiri ya Jumamosi nilipanda Kiboriani. Njia ni mawe na makorongo, gia ya kwanza muda wote, mpaka nikasikia harufu ya klachi inayoungua. Nikaiacha pikipiki kwenye boma la watu, nikaomba wanitazamie, nikamalizia kwa miguu. Juu kuna baridi, na ukungu ulikuwa unapita katikati ya miti ukiacha matone kwenye nyusi zangu. Nikageuka mashariki: milima nyuma ya milima, Ukaguru na Rubeho, kijani kibichi kwenye mabonde. Nikageuka magharibi: tambarare ya kijivu, mibuyu imesimama mmojammoja, vumbi la ng'ombe kwa mbali, na hakuna mto hata mmoja unaong'aa.

Nilikaa pale juu zaidi ya saa moja, maana mlima ulikuwa umenifafanulia jambo ambalo vitabu havikunifafanulia. Pepo za Bahari ya Hindi zinakuja na mvua yake, zinaipandisha milima hii, zinaimwaga upande wa mashariki, na zinapofika Ugogo zimebaki kavu. Dodoma inapata milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, nazo zinanyesha kati ya Desemba na Aprili tu. Mpaka halisi wa nchi hii ulikuwa hapa muda wote, kabla ya Mjerumani na kabla ya Mwarabu. Upande mmoja unakutana na maji bila kuyatafuta. Upande wa pili maji ni ya mtu, kwa sababu kuna mtu aliyeyachimba.

Lakini siku ile sikulisema hivyo. Nilipiga picha, nikateremka.

Jumapili nikaondoka Mpwapwa kuelekea Chunyu. Mswahili akilisikia jina hilo hahitaji mkalimani: chunyu ni ile chumvi inayokuganda mwilini ukitoka kuoga baharini. Maji ya huko yana chumvi, na misafara iliyalaani sana. Baada ya Chunyu ndipo inapoanza Marenga Mkali yenyewe. Malenga kwa Kigogo ni maji. Ndimi za wapagazi zikayageuza marenga, wakayaongezea ukali wa Kiswahili. Ilikuwa nyika isiyo na kisima wala kijiji, na walikuwa na namna yao ya kuivuka waliyoiita tirikeza: mnajaza vibuyu, mnaondoka mchana jua likianza kushuka, mnatembea mpaka usiku, mnalala bila kupika, na kabla hakujapambazuka mmeshajitwisha tena. Aliyedondoka nyuma, kiu ilimmaliza.

Mimi niliondoka saa tatu asubuhi, tenki limejaa. Barabara ilikuwa imejikunja mikunjo kama bati, na kila mkunjo ulipita kwenye mikono hadi mabegani. Siku hizi kuna vijiji, kuna reli, kuna watu na baiskeli. Lakini ukiacha njia kubwa ukafuata vijia vya mifugo, kama nilivyofanya ili niwe karibu na njia ya zamani, unaweza kwenda saa nzima hujaona mtu. Saa tano na nusu gurudumu la nyuma likaanza kuyumba. Mwiba wa mgunga, mrefu kama kidole, ulikuwa umepita katikati ya meno ya tairi.

Pancha si jambo. Nilitoa gurudumu, nikachomoa tyubu, nikakwangua, nikapaka solusheni, nikasubiri ikauke, nikabandika kiraka. Nilipomaliza kupampu nikanyoosha mkono kwenye dumu ninywe, na dumu lilikuja jepesi. Kichwa cha bolti moja ya keria kilikuwa kimelisugua tangu Mpwapwa, mtikisiko kwa mtikisiko, mpaka kikatoboa tundu dogo kama punje ya mtama. Maji yote lita 5 yalikuwa yamedondoka njiani nyuma yangu. Hema na begi vilikuwa vimelowa upande mmoja. Upande huo nikaunyonya kitambaa, na sina aibu kulisema.

Niliendesha polepole, mdomo umekauka hadi ulimi unanasa kwenye meno, nikifuata nyayo za mbuzi. Mbuzi hawaendi mahali bure saa sita mchana. Zilinifikisha kwenye korongo pana lenye mchanga mweupe, na katikati ya mchanga palikuwa na uzio wa matawi ya miiba kuzunguka shimo. Kando yake, kwenye kivuli cha mbuyu, alikaa bibi mmoja na wajukuu watatu, ndoo, madumu, na mbuzi wasiopungua ishirini waliotulia kama watu wanaosubiri daktari.

"Mbukwenyi," nikasema. Ndicho Kigogo nilichokuwa nacho.

"Mbukwa," akaitikia, kisha akanitazama vumbi lote lile, akahamia Kiswahili. "Umetoka wapi, mwanangu?"

"Shikamoo bibi. Natoka Mpwapwa. Maji yangu yamemwagika. Naomba kunywa."

"Marahaba. Kaa hapo. Wanywe hawa kwanza."

Nikatoa noti ya shilingi 5,000. Aliitazama bila hasira, akanirudishia. "Na mimi nikaitumie kununua maji wapi hapa?"

Nikakaa. Mjukuu mkubwa alikuwa shimoni. Sikumwona, niliona tu bakuli la bati likipanda na kushuka. Anachota kiasi cha kikombe, anamimina kwenye ndoo, kisha anasubiri. Maji yanachuruzika kutoka ubavuni mwa mchanga, hayana haraka. Unaweza kuhesabu hadi ishirini kabla bakuli halijapata cha kuchota tena. Ndoo moja ya lita 20 ilichukua karibu nusu saa. Nilizitazama ndoo zile, nikawatazama mbuzi, nikapiga hesabu, na kwa mara ya kwanza maishani nikaelewa maana ya msafara wa watu 500 kufika kijijini jioni na kuomba "maji tu".

Zamu yangu ilipofika bibi alininyooshea kidole kwenye shimo. "Shuka. Anayekunywa anachimba. Toa mchanga mpaka maji yakufike kifundoni, ndipo unywe."

Nilishuka. Shimo lilinifika kifuani, na chini kulikuwa na ubaridi wa pango. Nilikwangua mchanga mbichi kwa bakuli, nikaurusha juu, ukawa unanirudia kichwani, na kuta zikawa zinaporomoka kidogokidogo. Kazi ya robo saa, nikiwa na kiu ile, ilikuwa ndefu kuliko barabara yote tangu Dodoma. Maji yalipofika kifundoni nikachota. Yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa iliyopooza, na yana chumvi. Nilikunywa mabakuli matatu.

Nilipopanda juu nikamwuliza kama kisima ni chake. "Nimekikuta," akasema. "Alikichimba baba mkwe wangu. Kila mvua zikija mto unakifukia, kila mwaka tunakifukua tena. Sasa wewe ungekunywa ukaenda zako, nani angekuwa amekuchimbia?"

Nikamwuliza tena, maana neno lilikuwa linaniwasha, kama wazee wake walipokea hongo kwa watu wa misafara. Akacheka kwa mshangao. "Hongo si ile ya kupeana gizani? Hapana. Kwetu mgeni anatoa kitu chake mbele ya watu, kisha anapewa maji na anaonyeshwa pa kulala. Baba mkwe alinisimulia hivyo."

Kilomita zilizobaki hadi Mvumi niliziendesha nikizungumza na marehemu bibi yangu ndani ya kofia ngumu. Nilijua kwa kusoma habari za hongo ya zamani, ushuru ambao misafara ilitoa ipate kupita: msafiri Mwingereza Burton mwaka 1857 na Stanley mwaka 1871 walilalamika ukurasa baada ya ukurasa, siku nzima mtemi anajadiliana nao, doti ngapi za merekani, doti ngapi za kaniki, shanga zipi. Doti ni mikono minane ya kitambaa, na msafara mkubwa ulitoa nyingi. Wao waliona mtu aliyesimama njiani na mkono wazi. Hawakuandika habari za aliyekuwa shimoni. Maji yaliyokuwa yanatosha kaya na mifugo yake mpaka Desemba yalinywewa kwa siku mbili na watu wasiorudi tena, na nafaka yao iliuzwa kwa wapitaji mwaka ambao huenda mvua isingekuja. Mimi ningekuwa mtemi ningetoza zaidi.

Na yaliyofuata baada ya hapo yananikaa moyoni. Katikati ya mwaka 1890 Mjerumani Carl Peters alipita Ugogo akirudi kutoka Buganda. Alidaiwa hongo, akajibu kwa risasi na kuchoma vijiji. Serikali ya Wajerumani ikaimaliza hongo kabisa. Reli ikafika Dodoma mwaka 1910, misafara ikafa, na mwenye kisima hakuwa tena mtu wa kuulizwa. Vita vya kwanza vya dunia vilipokuja, majeshi yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, mvua zikakosekana, na kati ya 1917 na 1920 Ugogo ikaingia kwenye njaa wanayoiita Mtunya. Watu walikufa kwa maelfu. Neno hongo likabaki kwenye Kiswahili kwa maana tunayoijua leo, chafu, ya gizani, na jina la Ugogo likabaki limening'inia kwenye msemo wa bibi yangu kule Bagamoyo, mji uliotajirika kwa pembe za ndovu zilizovushwa na maji ya visima hivi.

Karibu na Igandu nilivuka reli. Mteremko wa eneo lile ndio ambao Juni 24, 2002 treni ya abiria ilirudi nyuma bila breki, na watu zaidi ya 280 wakapoteza maisha. Nilizima injini nikasikiliza. Upepo tu, na nyaya. Halafu Mvumi, petroli ya chupa, soda mbili moja baada ya nyingine, na saa moja usiku nilikuwa Dodoma naosha mchanga kwenye nywele.

Bolti ile ya keria niliifunika na kipande cha tyubu, na sasa natembea na madumu mawili, moja kila upande. Lakini deni lilibaki. Bakuli tatu nilizichimbia, sawa. Kivuli, zamu, njia aliyonielekeza ili nisirudi tena kwenye miiba, hivyo vyote nilivipata bure.

Februari nikanunua doti ya khanga sokoni Majengo, nyekundu na nyeusi, nikaifunga kwenye mfuko wa nailoni, nikarudi. Nyika nisingeitambua. Ilikuwa kijani hadi kwenye mizizi ya mibuyu, na korongo lilikuwa mto, mwekundu, unapita na magogo. Sikuweza kuvuka. Nilikaa ukingoni kama saa tatu, pamoja na mwendesha baiskeli mmoja na wamama wawili wenye vikapu, wote tukisubiri maji yapungue, na hakuna aliyeonyesha kwamba kusubiri ni tatizo. Yalipofika magotini tukavuka, mimi nikiisukuma Boxer huku kijana wa baiskeli ameshika keria. Pale palipokuwa na kisima palikuwa mchanga mtupu, umelala laini, hakuna uzio wala dalili.

Nilimkuta bibi shambani kwake, kwenye mtama uliofika magotini, jembe mkononi. Alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Wewe wa dumu lililotoboka." Nikampa mfuko kwa mikono miwili. Aliufungua, akaikunjua khanga yote, akainyoosha juani apate kuona kama ni kipande kimoja au viwili.

"Doti nzima?"

"Doti nzima, bibi."

Akaikunja vizuri, akaiweka juu ya tawi mahali pasipo na vumbi, akanikabidhi jembe. "Palilia mstari huo mpaka kwenye mbuyu," akasema, "halafu tutakula."